Kamba koche wa kuchemsha: namna ya kumuunga mpaka kiungo kifike nyamani

Kamba koche, yule kamba mkubwa wa bahari mwenye gamba gumu, wa kwanza niliyempika peke yangu alikuwa wa kilo na robo. Nilimnunua asubuhi pale soko la samaki Malindi, mjini Unguja, na wageni walikuwa wanakuja mchana. Nilitia sufuriani kila kilichokuwemo kabatini: mdalasini, iliki, karafuu kiganja kizima, pilipili manga, tangawizi, thomu (kitunguu saumu), uzile (bizari nyembamba). Nikamchemsha nusu saa, nikiamini kwamba kadiri atakavyokaa motoni ndivyo viungo vitakavyomwingia. Tulipomfungua, nyumba nzima ilinuka karafuu, lakini nyama ilivutika kama mpira na haikuwa hata na chumvi. Shangazi yangu, mtu wa Wete, alichukua kipande akatafuna, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akasema, "viungo vyote umevilisha maganda."

Kisha akamchukua kamba wa pili ambaye nilikuwa sijampika, akamchemsha dakika chache, akampasua kwa kisu kizito, akachota supu katika sufuria ileile, akamlaza humo kifudifudi. Robo saa baadaye tulikula kitu kingine kabisa. Tangu siku ile nimepika kamba koche kwa njia nyingi, na karibu zote zinasimama juu ya jambo alilonionesha: moto ni wa kuivisha, kuunga kuna wakati wake.

Gamba la kamba koche ni gumu na halipitishi kitu kwa urahisi. Chumvi huingia polepole kupitia maungio ya mkia na ngozi laini ya tumboni. Viungo vingine huingia kwa shida zaidi, kwa sababu ukali wa pilipili na rangi ya manjano haviyeyuki vizuri katika maji, vinataka mafuta. Ndiyo maana unaweza kutia pilipili kumi sufuriani ukapata mvuke wa kukohoza jirani, na nyama isiwashe. Ukali uleule ukiutia kwenye samli au tui, pilipili moja inatosha.

Huko Louisiana, Marekani, watu wanaochemsha kamba wa maji baridi, wale wa mito na mabwawa, kwa magunia wamelijua hili zamani. Mji wao wa Breaux Bridge ulitangazwa na bunge la jimbo hilo mwaka 1959 kuwa makao makuu ya kamba hao duniani, na msimu wao ukifika, hasa Machi hadi Mei, familia nzima hukusanyika kuzunguka sufuria moja kubwa. Maji yao hutiwa chumvi, pilipili, haradali, giligilani, majani ya kunukia, thomu na malimau, na wapo wanaotia karafuu. Kamba wakishaingia huchemka dakika chache tu, moto unazimwa, nao huachwa ndani ya maji yale dakika 20 hadi 30 wanywe viungo. Wengine hutupa barafu sufuriani ili kamba waache kuiva huku wakiendelea kunywa.

Kamba wale wa Louisiana waliletwa hadi ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, lakini sisi visiwani kamba wetu ni wa bahari. Kamba koche hana magando. Ana masharubu marefu yenye miiba, na nyama yake karibu yote iko mkiani. Hapa ndipo njia ya Louisiana inapotaka kurekebishwa. Mkia wa kamba wao hauzidi kidole, kwa hiyo dakika 20 za kulowekwa mzima zinamtosha. Mkia wa kamba koche unaweza kuwa mnene kama mkono wa mtoto. Ukimwacha mzima ndani ya maji ya moto mpaka kiungo kifike katikati, atakuwa ameshaiva kupita kiasi. Kwa hiyo tunachemsha pungufu kidogo, tunapasua, kisha tunaloweka katika supu iliyopoa.

Kumchagua na kumtayarisha

Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, wapiga mbizi hupata kamba koche wengi na wazuri. Kusi ikipiga, uwe mwangalifu zaidi, maana huenda unayemwona amelala kwenye barafu siku kadhaa. Mnyanyue kwa mgongo: aliye hai hupiga mkia na kuukunja kwa nguvu chini ya tumbo. Mkia ukining'inia tu, muulize muuzaji amekufa lini, kisha mnuse. Harufu iwe ya bahari. Ikikupiga puani kama mkojo, mrudishe hata kama bei inapendeza. Kamba koche akishakufa nyama yake huanza kulainika haraka na kuwa kama ugali wa maji, na hakuna kiungo kitakachoirekebisha.

Kwa kuchemsha napendelea wa nusu kilo hadi robo tatu kuliko wale wakubwa wa kuwapigia picha. Huiva sawasawa na hulowana vizuri. Jike mwenye mayai, yale yaliyoshikana chini ya mkia kama kichala, usimnunue. Yule ni wa kurudi baharini, na mnunuzi akimkataa na mvuvi atamwacha.

Ukifika nyumbani mlaze kwenye barafu iliyopondwa kwa dakika 20 hadi 30 mpaka aache kucheza. Kumtupa hai kwenye maji yanayotokota huku akipigapiga sufuria ni kumtesa bure, na ihsani haiishii kwa wanyama wa kuchinjwa. Kisha msugue kwa brashi na maji baridi, hasa kwenye maungio ya miguu ambako mchanga hujificha. Mikia iliyogandishwa iyeyushe usiku kucha ndani ya friji, si juani.

Kuchemsha

Hatua hizi ni zilezile kwa kila namna ya kuunga inayofuata. Kipimo ni cha kamba koche mmoja wa robo tatu kilo.

1. Pima lita 4 za maji kwenye sufuria ambayo kamba atazama mzima. Maji yakiwa machache, hupoa sana kamba anapoingia na muda wote unaharibika.

2. Tia chumvi vijiko 2 vya chakula, vya usawa, kwa kila lita. Ni nyingi, najua. Huo ni karibu uchumvi wa bahari yenyewe, gramu 35 kwa lita, na gamba litazuia sehemu kubwa. Wapo wanaochota maji ya bahari moja kwa moja, na nyama yake huwa tamu kweli. Lakini yawe ya mbali, mbali na bandari na mitaro ya mji, na yachujwe kwa kitambaa.

3. Maji yakitokota kwa nguvu, mtie kamba kwa kichwa, funika. Anza kuhesabu yanaporudi kutokota: wa nusu kilo dakika 6, wa robo tatu dakika 8, wa kilo dakika 11. Ukitaka kumla hapohapo bila kumloweka wala kumrudisha motoni, ongeza dakika 2.

4. Mtoe, mlaze kifudifudi kwenye ungo au chujio. Subiri dakika 3 aache kutiririka.

5. Mgeuze tumbo juu. Weka ncha ya kisu kizito pale mkia unapokutana na kichwa, ukate kwa kushuka mpaka mwisho wa mkia, kisha geuza kisu ukate upande wa kichwa. Mfungue mara mbili kama kitabu. Nyama iwe nyeupe; katikati kabisa ikiwa bado na ung'avu kidogo kama kioo, ni sawa, moto wa pili utaimaliza. Kama hatarudi motoni, mrudishe sufuriani dakika moja. Vuta ule uzi mweusi wa utumbo unaopita katikati ya mkia, utupe. Rojo la kichwani lichote uliweke kando. Litafaa kwenye tui.

Kamba wa kawaida, wale wa mikokoni, wanataka dakika 2 hadi 3 tu. Wakishajikunja nusu duara na kuwa wekundu, watoe. Wakijikunja mpaka kichwa kikagusa mkia, wameshapita.

Supu ya viungo vizima

Hii ndiyo ninayoipika zaidi, na ndiyo iliyo karibu na ya Louisiana, ila kwa viungo ambavyo vingi vinaota kwetu. Katika kitambaa cha melimeli funga majani 2 ya mdalasini (au kijiti cha urefu wa kidole), karafuu 4, iliki 3 zilizopondwa kidogo, pilipili manga nzima kijiko kimoja cha chai, haradali kijiko kimoja cha chai, na giligilani nzima kijiko kimoja cha chakula. Nje ya kitambaa tia mabua 2 ya mchaichai yaliyopondwa, kichwa kizima cha thomu kilichokatwa katikati bila kumenywa, kipande cha tangawizi, kitunguu maji kimoja na pilipili mbuzi 2 zilizochanwa. Vyote hivi vichemke katika yale maji ya chumvi dakika 20 kabla kamba hajaingia. Viungo vizima vinataka muda wa kutoa harufu. Kamba hana muda huo.

Karafuu ni 4. Mimi ni mtu wa Pemba, karafuu ndiyo iliyotusomesha, na nyumbani kwetu majamvi ya kuanikia yalijaa uwanja mzima. Hata hivyo nasema 4. Ikizidi, mafuta yake hufanya ulimi ufe ganzi, na utamu mwepesi wa kamba ndio wa kwanza kupotea. Uzile siutii humu kabisa, maana ukishaingia kila kitu kinavutwa kwenye pilau. Ndimu pia haziingii sasa: maganda yakichemka sana hutoa uchungu, na harufu yote hupaa na mvuke.

Kamba akishatolewa na kupasuliwa, chota vikombe 4 vya supu kwenye bakuli pana na utie vikombe 2 vya barafu. Supu itashuka mpaka ujoto wa maji ya kuoga mtoto, na uchumvi utapungua kiasi kinachofaa nyama iliyo wazi. Kamulia ndimu 3. Sasa walaze wale nusu-nusu nyama chini, gamba juu, dakika 10 hadi 15. Onja kipande kidogo kwenye dakika ya kumi: chumvi ikishasikika katikati ya nyama, watoe. Usiwasahau humo, kwa sababu wakizidi dakika 20 nyama huanza kukazwa na ndimu na kuwa kama achari.

Mahindi mabichi na mbatata vinaweza kuchemka katika sufuria hiyohiyo kama wafanyavyo wenzetu, lakini muhogo uchemshe pembeni kwa maji matupu mpaka ukaribie kuiva, kisha uutie dakika 5 za mwisho. Muhogo hunywa chumvi kama sifongo.

Kupaka kwa tui

Kama kuna njia moja ya kumkirimia mgeni anayekuja visiwani mara ya kwanza, ni hii. Chemsha kamba kwa maji ya chumvi tu, bila ule mfuko wa viungo, umpasue, umkaushe kwa kitambaa.

Ikune nazi moja iliyokomaa. Kamua tui zito kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, liweke pembeni; kamua tena upate tui jepesi kikombe kimoja. Twanga kwenye kinu punje 4 za thomu, tangawizi ya kiasi cha dole gumba, pilipili mbichi moja au mbili na chumvi kidogo. Tia kwenye tui jepesi pamoja na manjano nusu kijiko cha chai, uzile wa unga nusu kijiko na bizari ya mchuzi kijiko kimoja. Pika moto wa wastani ukikoroga mpaka maji yapungue nusu na ule ubichi wa bizari utoke. Utajua kwa pua, harufu ya vumbi hugeuka kuwa harufu ya chakula. Tia rojo la kichwani ulilochota, kisha tui zito. Kuanzia hapa usifunike na usiache kukoroga, moto uwe mdogo, la sivyo tui litakatika. Likishakuwa zito la kushika mgongo wa kijiko, epua, ndipo ukamulie ndimu moja. Ndimu ikiingia tui likiwa linatokota, ndiyo njia ya haraka ya kulikata.

Washa seredani, subiri makaa yawe na majivu juu. Mlaze kamba gamba chini, mpake tui kwa brashi au kwa bua la mchaichai lililopondwa ncha, ambalo huacha harufu yake kila linapopita. Tui likikauka kidogo na kuanza kuchora madoa ya kahawia pembeni, paka tena. Mara tatu zinatosha, jumla dakika 4 au 5. Usimgeuze nyama chini. Gamba ndilo bakuli lake, na mchuzi unaojikusanya humo ndio utakaogombewa. Mafuta ya nazi yamebeba ule ukali wa pilipili na rangi ya manjano ambavyo maji yasingeweza kubeba, ndiyo maana hapa viungo vichache vinasikika sana.

Asiye na mkaa amlaze kwenye trei ndani ya oveni, moto wa juu. Chakula kitakuwa kizuri, ila moshi hakuna.

Samli, ukwaju na vinginevyo

Siku ambayo sina muda hutumia samli. Yeyusha vijiko 4 vya samli kwa moto mdogo kabisa, tia punje 5 za thomu zilizokatwakatwa na pilipili kavu iliyopondwa. Thomu ikianza kunukia na kabla haijabadilika rangi, zima, tia kotmiri iliyokatwa na ndimu, umwagie kamba akiwa wa moto. Kwa samli, boflo (mkate) la asubuhi halina mshindani. Lichane kwa mkono, uchovye mpaka sahani ing'ae.

Ukwaju ni wa kamba aliyepoa. Loweka bonge la ukubwa wa yai katika glasi moja ya maji ya moto, vuruga, chuja, kisha chemsha rojo lake na sukari kijiko kimoja, chumvi, pilipili mbuzi iliyosagwa na uzile uliokaangwa mkavu. Liwe zito kama uji mwepesi. Wenye kupenda urojo wataitambua ladha hii mara moja. Utamu wa kamba na ukali wa ukwaju vinapatana sana, lakini usimloweke humo. Mchovye tu kila tonge, maana ukwaju ukikaa na nyama huitia weusi na kuiondolea ladha ya bahari. Embe mbichi iliyokunwa na nazi, pilipili na chumvi hufanya kazi hiyohiyo msimu wa maembe.

Unga mkavu ni kwa kamba wadogo wanaoliwa kwa kumenya mezani. Kaanga uzile na pilipili manga kwenye kikaango kikavu, saga, changanya na chumvi na pilipili ya unga, nyunyizia kamba wakiwa bado na unyevu wa sufuria. Gamba halitapitisha kitu, lakini vidole vitapita kwenye gamba, kisha kwenye nyama, kisha mdomoni, na unga husafiri navyo.

Kabla hujapakua waulize wageni kama yupo mwenye mzio wa kamba au kaa, kwa sababu mtu huyo hata supu yake haimfai. Na usitie viungo vya njia mbili kwa kamba mmoja. Nimeona watu wakimloweka kwenye supu, wakampaka tui, kisha wakammwagia samli. Kila kimoja kinamfunika mwenzake na anayepotea ni kamba.

Akibaki, mtoe kwenye gamba, mfunike, friji hapohapo, aliwe kesho. Usimchemshe tena, mpashe ndani ya tui la moto baada ya kuepua, au mle baridi na ukwaju. Ile supu ya kuchemshia ina chumvi nyingi mno ya kunywa. Maganda na kichwa usivitupe. Vivunje kwa mchi, vikaange na vitunguu na tungule (nyanya) mbili kwa mafuta kidogo mpaka vinukie, tia lita moja ya maji matupu na upawa mmoja wa ile supu ya chumvi, chemsha dakika 25, chuja vizuri vipande visibaki. Pikia wali wa nazi wa jioni kwa maji hayo, ukitoa kiasi hichohicho katika tui jepesi, na usitie chumvi nyingine mpaka uonje.